Prizi ya 32 A kwenye saloni: ralonji, sanduku au kofre ya ukutani?

MamaSaloni
Wandugu, jambo. Nimepanga nyumba Katindo hapa Goma, zamani ilikuwa atelye ya kuchomelea vyuma. Prizi (soketi) ni moja tu, ile ya buluu ya 32 A, yaani ampea 32. Nina kaski mbili za kukaushia nywele (wati 2,000 kila moja), birika la umeme la wati 2,000, friji na taa. Fundi wa kwanza anataka adapta na ralonji (waya ya kurefusha). Wa pili anauza sanduku lenye fishi (plagi) ya 32 A na prizi nne. Wa tatu anasema ang'oe prizi, aweke kofre, kasha la ukutani la kugawa umeme.

FundiBirere
Mama, wa kwanza asirudi. Ralonji nyingi ni waya ya 1.5, yaani milimita 1.5 za mraba. Ukivuta ampea 25 humo, disjonkta ya 32 (swichi inayojikata umeme ukizidi) haijali. Waya ndiyo inapikika. Nilibandua moja chini ya kapeti: plastiki ilikuwa imeshikana na simiti.

Volti_Kivu
Sanduku si baya, kama ndani kila prizi ina disjonkta yake ya 16 A. Mengine ni matupu! Fungua kifuniko kabla ya kulipa. Na ukihama unalibeba, kofre utamwachia bayere (mwenye nyumba).

FundiBirere
Sawa, ila saloni ina maji. Mimi kofre: juu difaransieli ya 30 mA (inakata umeme ukivuja), chini disjonkta za 16 A tatu kwa waya ya 2.5, na 10 A ya taa kwa 1.5. Kaski mbili kwenye 16 A moja ni ampea 18, zitenganishe. Birika peke yake.

PapaWaLava
Na teri, waya ya kupeleka umeme ardhini? Sisi tuliojenga juu ya lava ya 2002, piketi, ile fimbo ya teri, iligoma kwenye sentimita 30.

FundiBirere
Ndiyo maana nadai difaransieli, papa. Jiwe hilo halipitishi umeme vizuri, disjonkta ya kawaida inaweza isianguke hata friji ikipiga shoti. Teri haiachwi lakini: chimbeni mtaro, mlaze shaba tupu penye udongo.

MamaSaloni
Tumezima umeme, tumefungua prizi na fundi wa tatu. Waya ya nyuma imeandikwa 3G4.

FundiBirere
Kumbe! Hiyo ni nyaya tatu za milimita 4 za mraba, nyembamba kwa 32 A; mwenye atelye alikuwa na bahati. Disjonkta inayoilinda ishuke iwe 25 A kwanza, ndipo kofre. Kaski mbili, friji na taa zitaenda pamoja. Maji chemsha kaski moja ikiwa imezimwa.

MamaSaloni
Aksanti. Wateja watangoja chai.