Nimeokota miwani ya jua yenye lenzi za daktari ndani ya daladala. Nimpateje mwenyewe?

Mkazi wa Tegeta

Ndugu wadau, salaam. Juzi jioni nikiwa katika daladala linalotoka Tegeta kwenda Makumbusho, nilikuta miwani ya jua, ikiwa na kasha lake, imejipenyeza kati ya kiti cha dirishani na ubavu wa gari. Abiria wa pembeni yangu alisema si yake, na aliyekuwa amekaa pale kabla yangu alikwisha kushuka. Hata sura yake siikumbuki. Nilipoijaribu machoni niliona kila kitu kimekuwa kidogo na kichwa kikaanza kunizunguka, ndipo nikatambua kwamba si ile miwani ya urembo inayotembezwa na wamachinga, bali ni ya mtu mwenye tatizo la macho ambaye alitengenezewa lenzi zake zikatiwa rangi ya giza. Huenda mtu huyo hivi sasa anavuka barabara bila kuona vizuri.

Konda alitaka nimwachie yeye, nikasita. Jirani yangu ananishauri niipige picha na kuisambaza katika makundi ya WhatsApp, mke wangu anasema niipeleke polisi, na mzee mmoja wa mtaani kwetu anataka itangazwe kwa kipaza sauti cha msikitini. Je, ni njia ipi itakayomfikia mwenyewe upesi, na nitajuaje kwamba anayekuja kuidai ndiye mwenye mali?

Fundi wa Lenzi

Ndugu mleta mada, umeshika kitu ambacho kina ushahidi wake ndani yake. Kwa kuwa vitu vilionekana vidogo ulipoivaa, lenzi hizo ni za mtu asiyeona mbali. Unaweza kuhakikisha ukiwa nyumbani: inyanyue mbele yako, tazama ukingo wa mlango kupitia lenzi moja, kisha isogeze taratibu kushoto na kulia. Taswira ikifuata upande unaosogeza, lenzi ni ya kutoona mbali; ikienda kinyume, ni ya kusomea au ya mtu asiyeona karibu. Ukiizungusha kama usukani na mstari wa mlango ukapinda, basi mwenyewe ana tatizo jingine la ziada, na hilo ni jema kwako kwa sababu vipimo vyake vitakuwa vya pekee zaidi.

Hatua inayofuata ni kuipeleka katika duka lolote la miwani lenye mashine ya kusomea lenzi. Kazi hiyo huchukua dakika chache, nawe utaandikiwa nguvu ya jicho la kulia na la kushoto, ambazo kwa watu wengi hazilingani. Andika pia tarakimu zilizochapwa upande wa ndani wa mkono wa fremu, mathalani 52, 18 na 140, ambazo ni upana wa lenzi, nafasi ya puani na urefu wa mkono kwa milimita. Usimwambie mtu yeyote anayekuja kuidai vipimo hivyo. Atakayedai aje na cheti chake cha vipimo vya macho, au alitaje duka alilotengenezea ili wao wathibitishe.

Kwa hiyo, picha usiisambaze hata kidogo. Tangazo liseme tu kwamba imeokotwa miwani ya jua katika daladala la njia fulani, siku fulani, jioni; rangi ya fremu, aina ya kasha na alama za mikwaruzo aseme mwenyewe. Na tafadhali usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa maana joto hupasua utando wa juu wa lenzi na utamrudishia mtu miwani yenye ukungu.

Konda Mstaafu

Ulifanya vyema kusita, ingawa sitaki makonda wote waonekane wezi. Tatizo lenyewe ni namna kazi inavyokwenda. Konda uliyemkuta jioni ile pengine alikuwa deiwaka, aliyeshikishwa gari kwa saa chache mwenye zamu akapumzike, na kesho yake yupo njia nyingine kabisa. Ukimwachia mtu wa namna hiyo, hata akiwa mwaminifu, mwenye mali akija kuuliza hatamkuta mtu anayejua habari hiyo.

Zaidi ya hayo, aliyepoteza kitu ni nadra kukumbuka namba ya gari. Atakachokumbuka ni njia na kituo aliposhuka, na kwa kawaida atarudi kuuliza katika stendi ya mwanzo au ya mwisho. Waachie namba yako watu wasiohama pale: muuza magazeti, wakala wa pesa za simu, mama ntilie wa pembeni ya stendi, pamoja na msimamizi wa kituo. Fanya hivyo Tegeta na Makumbusho pia. Abiria wa jioni wengi ni wale wale kila siku, kwa hiyo panda saa ile ile na uulize. Njia hiyo imewahi kurudisha mabegi, funguo na hata meno ya bandia.

Ustadhi wa Pwani

Ninamheshimu mzee wa mtaani, lakini kutangaza vilivyopotea ndani ya msikiti kumekatazwa katika hadithi ya Mtume (s.a.w.). Mafakihi (wanazuoni wa sheria ya Kiislamu) wameelekeza tangazo lifanyike milangoni watu wanapotoka, sokoni, na mahali kitu kilipookotwa. Katika hadithi ya Zaid bin Khalid, aliyeuliza kuhusu kiokotwa aliambiwa akitambue chombo chake na kamba yake ya kufungia, kisha akitangaze mwaka mzima. Ndugu Fundi amesema jambo hilo hilo: alama hubaki kwa muokotaji, tangazo huenda kwa watu. Kitu duni kabisa hakihitaji muda huo, lakini miwani iliyopimwa kwa daktari siioni kuwa duni.

Kuhusu sheria ya nchi, kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hakimhesabu muokotaji kuwa mwizi iwapo, wakati anakifanya kitu kuwa chake, hamjui mwenyewe na anaamini kwa sababu za msingi kwamba hawezi kupatikana. Wewe bado huwezi kusema hivyo, kwa kuwa njia za kumtafuta zipo. Mkeo naye ana hoja: ukiripoti kituoni na kuandikishiwa namba ya RB (ya kitabu cha taarifa cha polisi), hakuna atakayekugeuzia kibao baadaye.

Mkazi wa Tegeta

Nawashukuru nyote. Nimeripoti polisi, namba yangu ipo stendi zote mbili, na lenzi zimesomwa, vipimo ninavyo. Ndani ya kasha nimekuta kitambaa cha kufutia chenye jina la duka. Nimewapigia simu, nao wanataka niwapelekee miwani waitunze hadi mteja wao ajitokeze. Je, niwaachie?

Fundi wa Lenzi

Usiiache kwanza. Wasomee vipimo hivyo kwa simu wavilinganishe na kumbukumbu zao, kisha waombe wampigie mteja wao na kumpa namba yako. Jina lake wala namba yake usiziulize, kwa sababu duka makini halitakupa. Wakikubali kumpigia mbele yako, hapo unaweza kuikabidhi kwa maandishi, tena yenye muhuri wao.