Naomba ushauri: nembo ya Shule Kuu yetu kila mtu anaichapa anavyojua, niandike mwongozo wa namna gani?

KaratasiNyeupe
Wakuu, habari zenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni afisa mawasiliano, mwezi wa tisa sasa kazini, kwenye Shule Kuu moja iliyo chini ya chuo kikuu cha umma hapa Tanzania. Chuo sikitaji, na naomba msinichimbe.

Kisa chenyewe ni hiki. Wiki ya mahafali tulikuwa na hafla ya kuwapongeza wahitimu wetu. Nimesimama mlangoni napokea wageni, nikajikuta nahesabu nembo. Kwenye bango la mlangoni mwenge wa nembo yetu umenenepa kama chungu, kuna mtu aliuvuta pembeni ili ujaze nafasi. Jukwaani nembo ni ile ile ila bluu imegeuka zambarau. Fulana za wanafunzi waliokuwa wanaongoza wageni ni za bluu iliyoiva, na nembo imekaa ndani ya kiboksi cheupe kama plasta. Ratiba imebeba nembo ya zamani, yenye jina la enzi tukiwa Kitivo. Vikombe vya zawadi ndiyo usiseme: mwenge umewekewa kivuli na mng'ao wa dhahabu ambao hakuna aliyeuagiza. Nembo tano ndani ya ukumbi mmoja. Mgeni kutoka kwa wafadhili wetu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama hafla tumeiandaa kwa kushirikiana na vyuo vingine.

Jumatatu Amidi, mkuu wa Shule yetu, akaniita. Anataka mwongozo wa matumizi ya nembo, upelekwe Bodi ya Shule baada ya wiki tatu. Nimesoma miongozo ya vyuo vya nje, mingine imefika kurasa 80. Huku kwetu nani atasoma kurasa 80 kuhusu mwenge na kitabu?

Nisaidieni mambo matatu. Nini lazima kiwemo na nini ni mapambo tu? Pili, Shule ina nembo yake na chuo kina nembo yake, zikae pamoja au moja ipumzike? Hapo pana siasa, wazee wetu wanaipenda sana ya Shule. Tatu, mtu wa umri wangu anawabanaje maprofesa waliomfundisha?

TopeLaMto
"Umenenepa kama chungu." Nimecheka peke yangu kwenye daladala, watu wananiangalia.

FundiChapa_Kkoo
Mdogo wangu, mimi ndiye yule mnayemlaumu. Nina mashine Kariakoo, mwaka wa 14 huu. Nikwambie ugonjwa unavyoingia dukani kwangu.

Mtu wa chuo anafika saa kumi jioni, hafla kesho saa tatu asubuhi. Nembo iko kwenye simu, kaitoa kwenye kundi la WhatsApp. Nikimwomba faili halisi ananijibu "si hiyo hiyo tu mkuu, weka". Sasa piga hesabu. Kapicha hako kana upana wa pikseli 400. Uchapaji safi wa karatasi unataka nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo kanatosha nembo ya sentimita 3.4 hivi. Yeye anataka ikae sentimita 40 kwenye bango la 85 kwa 200. Hapo zinabaki nukta 25 kwa kila inchi. Bango linatazamwa kwa mbali, halidai 300, lakini 25 ni matofali.

Kiboksi cheupe nacho kina mama yake. Ukituma nembo kwa WhatsApp kama picha, inageuzwa JPEG, na JPEG haijui uwazi, kwa hiyo nyuma ya nembo panajazwa rangi. Tuma kama hati. Hilo liandike kwenye mwongozo wako kwa herufi kubwa, litaokoa fulana nyingi kuliko kurasa zote 80 za hao wenzetu.

Zambarau: rangi ya skrini ni mwanga, yangu ni wino. Mimi nachanganya wino nne, na bluu ikitafsiriwa ovyo na majenta (wino wa waridi) ikazidi, inatoka zambarau. Ukiniandikia "bluu iliyoiva" umeniachia mimi nichague. Oxford hawasemi bluu tu, wanasema Pantone 282 (namba ya rangi kwenye orodha wanayoijua wachapaji), na kwenye skrini #002147. Nawe weka namba: ya Pantone, ya CMYK (zile wino nne), ya skrini. Kwa kudarizi nenda ukashike uzi wenyewe kwa mkono, kwa sababu kila kampuni ya uzi ina namba zake.

Na kudarizi hukohuko: mwenge wenye miali kibao na maandishi yanayozunguka duara hauingii kwenye mfuko wa shati. Herufi ikiwa chini ya milimita 5 sindano inaitoa kama funza. Tengenezeni toleo jepesi, mwenge na kitabu bila maandishi ya duara.

Kuhusu vikombe vya dhahabu sina la kusema, tuendelee.

KaratasiNyeupe
Mkuu asante sana, hii peke yake ni nusu ya mwongozo. Ila nina aibu nyingine: faili halisi hatuna. Aliyechora nembo hayupo tena, kompyuta yake ilishauzwa kwenye mnada wa vifaa chakavu. Tulicho nacho ni JPEG iliyochomolewa kwenye barua ya Word.

FundiChapa_Kkoo
Si wewe wa kwanza. Mpe mtu anayejua kuchora kwa vekta (mchoro usioharibika hata ukiukuza) aifuate mstari kwa mstari. Usikubali akupe ile ya kubofya kitufe programu ikageuza picha yenyewe, kingo zinatoka na manundu na duara linakuwa kiazi. Maandishi ayageuze yawe maumbo, kwa sababu kama fonti yenu sina, kompyuta yangu itaweka ya kwake na mimi sitajua kilichobadilika. Akupe PDF na SVG kwa ajili yetu wachapaji, PNG yenye uwazi kwa ajili ya slaidi na barua. Tena kila moja matoleo matatu: rangi kamili, nyeusi tupu, nyeupe tupu.

Nyeusi tupu isiwe ile ya rangi iliyopaushwa. Mitihani yenu inapita kwenye fotokopi, na bluu ikipita humo inakuwa kijivu chenye madoa. Nyeupe nayo ichorwe makusudi. Ukigeuza rangi kwa kitufe, mwali wa mwenge unakuwa giza na kivuli kinakuwa mwanga.

Mstaafu_Masjala
Marahaba mwanangu. Nimekaa masjala ya chuo zaidi ya miaka 20, sikiliza neno la mzee.

Kabla hujaandika mstari hata mmoja, panda makao makuu uulize kama chuo kina mwongozo wake. Nembo ya chuo haiko chini ya Bodi ya Shule, na ukipeleka kwenye Bodi karatasi inayopingana na ya juu, utamwaibisha Amidi wako mbele ya Makamu Mkuu wa Chuo. Mara nyingi mwongozo upo, umelala kwenye kabati tangu ulipozinduliwa kwa keki.

La pili: nembo si lakiri. Lakiri ya chuo ni ya vyeti na mikataba, ina mtu anayeitunza na anayeruhusu itumike. Nimeona wanafunzi wakiichapa kwenye fulana za michezo kwa nia njema kabisa. Lakini mhuri ukizoeleka barabarani, anayeghushi cheti anapata wepesi. Andika sentensi moja: lakiri haitumiki kwa matangazo, fulana, wala zawadi. Usiieleze zaidi ya hapo, ukieleza sana utafundisha.

MtoroWaMaktaba
Kuhusu nembo mbili, mimi nasema ya Shule ipumzike. Mmekuwa ukoo wa kambale, baba ana ndevu, mama ana ndevu, mtoto ana ndevu. Leo Shule ina nembo, kesho kila Idara, keshokutwa mradi wa miaka miwili nao una nembo. Nimeona slaidi moja ya mhadhara ina nembo sita chini, mada yenyewe imebaki na nafasi ya kiganja.

Binti_wa_Mahafali
MtoroWaMaktaba unaongea kirahisi kwa sababu hukusoma pale. Mimi nilihitimu Shule Kuu yenye nembo yake na ile nembo ndiyo naijua. Chuo ni kikubwa, hakinikumbuki. Tulipochangishana kukarabati maktaba ya Shule yetu, watu walitoa hela kwa sababu ya ile nembo kwenye tangazo. Ukiifuta, umefuta na hao.

Mswahili_Boston
Niko Massachusetts, niwape mfano wa jirani zangu. Skuli ya sheria ya Harvard ilikuwa na ngao yenye miganda mitatu ya ngano, iliyotokana na nembo ya ukoo wa Royall, watu waliotajirika kwa kumiliki watumwa. Wanafunzi wakapinga, na Machi 2016 chuo kikaidhinisha iondolewe. Ngao mpya ilitoka 2021. Miaka mitano skuli maarufu kama ile haikuwa na ngao yake, na sijasikia mwanafunzi aliyepotea njia. Jina lilitosha. Kwa hiyo KaratasiNyeupe usiogope sana, jina la Shule likiandikwa vizuri pembeni ya nembo ya chuo linafanya kazi.

Ila Binti naye ana hoja. Kule watu waligombana miezi kwa sababu ngao ina maana kwao. Usiifute kimyakimya kwenye kiambatisho cha ukurasa wa saba.

Mwanasheria_Mtaani
Nembo inaweza kusajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara na huduma, chini ya sheria ya 1986. Usajili ni miaka 7 ya mwanzo, kisha unahuisha kila miaka 10. Kama mna kampasi Zanzibar, kule ni usajili mwingine, kwa wakala wa Zanzibar, BPRA. Na huyo atakayeichora upya kwa vekta asaini karatasi ya kuwakabidhi haki zote kabla hamjamlipa. Baada ya kumlipa ni hadithi nyingine.

Kuwabana watu: usitumie mwongozo, tumia fedha. Ongea na kitengo cha manunuzi, kila LPO (hati ya kuagiza manunuzi) ya kitu chenye nembo iwe na mstari kwamba sampuli ikubaliwe kwa maandishi na ofisi ya mawasiliano kabla ya kuchapa, la sivyo malipo hayatoki. Profesa unaweza kushindwa kumbana, ila mchapaji atakutafuta mwenyewe.

FundiChapa_Kkoo
Mwanasheria, sawa, ila hata kazi isiyo na kosa mnatulipa baada ya miezi sita. Hiyo nayo iandikwe kwenye LPO.

Mkarani_254
Salamu kutoka Nairobi. Sisi tulihangaika na sheria, tukachoka. Ukichunguza utaona profesa havunji sheria kwa ubishi. Anafungua barua aliyoandika miaka minane iliyopita, anafuta maneno, anaandika mapya juu yake. Nembo ya zamani inasafiri naye hivyo. Dawa ni kumpa barua mpya tayari, slaidi tayari, jalada la ripoti tayari, nembo ikiwa imefungiwa pale juu hata asiweze kuivuta. Mtumie yeye binafsi, na jina lake na cheo chake viwe vimeshajazwa. Hakuna mtu anakataa kitu chenye cheo chake.

Pia mwenye kutunza violezo ni lazima awe mtu mmoja na kiungo kiwe kimoja. Vikikaa mahali pawili, baada ya muhula mmoja vitakuwa tofauti.

KaratasiNyeupe
Wakuu, nimerudi. Mzee Mstaafu_Masjala, Mungu akuweke. Mwongozo wa chuo upo, niliupata kwa katibu muhtasi wa makao makuu, umefungwa kwa nailoni haujafunguliwa. Unaruhusu jina la Shule kukaa kulia kwa nembo ya chuo, kati yake mstari mwembamba wa wima. Hausemi lolote juu ya nembo za Shule.

Rasimu yangu sasa ni ukurasa mmoja, mbele na nyuma. Mbele kuna picha ya nembo ya chuo na jina letu, namba za rangi, na kiungo cha kupakulia. Nembo isiwe na upana chini ya milimita 25 kwenye karatasi, na ikipungua hapo litumike toleo jepesi. Pembeni pabaki wazi nafasi sawa na upana wa kitabu kilicho kwenye nembo. Nimetumia kitabu badala ya sentimita ili sheria iwe ile ile kwenye kadi na kwenye bango. Nyuma nimeweka picha halisi za ile hafla: chungu, zambarau, plasta, Kitivo na dhahabu, kila moja na mkato mwekundu. Sijaandika nani alifanya.

Nembo ya Shule nimeiacha kwa mambo ya wahitimu, mashindano ya michezo na ukuta wa historia, isikae kwenye barua wala mkataba, na isikae sambamba na ya chuo. Binti, sijui kama umeridhika.

Binti_wa_Mahafali
Nusu. Michango ya wahitimu imo?

KaratasiNyeupe
Imo, mstari wa pili.

Binti_wa_Mahafali
Basi endelea.

FundiChapa_Kkoo
Ongeza kitu kimoja: sampuli ikaguliwe kwenye kitu chenyewe, fulana kwa fulana, kikombe kwa kikombe. Mtu akikubali rangi kwenye simu yake atanirudishia mzigo mzima.

KaratasiNyeupe
Nimeongeza. Amidi amesoma leo, amekubali bila kugusa neno. Kaniuliza jambo moja tu: kile kikombe chenye mng'ao wa dhahabu kilichoko mezani kwake, anaruhusiwa kubaki nacho?

FundiChapa_Kkoo
Mwache nacho. Ule mng'ao nilikesha nao.