Mkunazi wenye wadudu wa lakiri: kiangazi umwagiliwe ndoo ngapi?

Mkulima_Pongwe: Wadau, habari zenu. India wanafuga wadudu wa lakiri, vidudu vinavyotoa utomvu mgumu unaotengenezewa lakiri, juu ya mkunazi, huuhuu wetu wa kunazi za kula. Huku Tanga, jua la Januari na Februari mnalijua. Mti unaofyonzwa na wadudu kila tawi utahimili? Na maji niweke kiasi gani?

Bwana_Miche: Mkuu, mti hautakufa, atakayekufa ni mdudu. Mzizi mkuu wa mkunazi unazama mbali. Maji yakiadimika, mti hurundika sukari ndani ya seli za majani yasinyauke upesi. Hali ikizidi, hupukutisha majani na kulala. Hapo ndipo mdudu anapokufa njaa, kwani anafyonza floemu, utomvu wa sukari unaopita chini ya gome, na utomvu huo husukumwa na maji. Ardhi ikikauka msukumo unashuka. Majani yakidondoka hakuna sukari mpya. Kwa hiyo usiangalie kama mti ni mzima, angalia kama una majani.

Geuza jani moja: juu kijani kinachong'aa, chini jeupe kama limepakwa unga. Ule ni unyoya unaopunguza maji kupotea. Likilegea saa saba mchana likasimama jioni, si neno. Likikutwa limelegea alfajiri, mwagilia siku hiyohiyo.

Mama_Bustani (Bagamoyo): Chimba beseni la duara, upana mita 2, umwage ndoo 5 za lita 20. Hiyo ni sawa na mvua ya milimita 30 hivi. Usimwage shinani, mizizi midogo inayonywa iko pembeni. Tandaza nyasi kavu, ila ziache shina kwa upana wa kiganja. Na maji ya kisima yaonje kwanza! Pwani mengi yana chumvi. Ikirundikana, udongo unaweza kuwa umelowa na mizizi ikashindwa kuvuta. Ukiona ukoko mweupe, ndiyo hiyo.

Mkulima_Pongwe: Shukrani mama. Na kupogoa?

Bwana_Miche: Lazima, wadudu hushika matawi machanga tu. Ila usipogoe katikati ya kiangazi, machipukizi yatakosa maji. Subiri mvua zikaribie. Usijaze wadudu matawi yote, na mti ukishavunwa lakiri upumzishe. Majimaji matamu wanayotoa huvuta sisimizi na ukungu mweusi kama masizi, nao huziba mwanga kwenye majani machache yaliyobaki.

Mdudu mwenyewe, Kerria lacca, usimlete kwenye begi. Kibali cha TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) kwanza, maana hata mbaazi anazishika.