Asmini na waridi: zote kwenye mtambo mmoja?

Kikuyu_Maua
Hamjambo wataalamu. Asmini yangu inatoa karibu nusu kilo kila usiku, na wauza maua wa City Market hapa Nairobi wananipa gunia la petali za waridi. Fundi wa Kamukunji yuko tayari kuniundia mtambo wa kukeneka (kuchemsha maua na kupooza mvuke ili kupata mafuta ya harufu) wa lita 40, wa alumini. Nipitishe maua yote humo?

MamaRihani
Waridi sawa, asmini usithubutu. Alumini nayo ikatae: maji ya maua yana asidi kidogo, yataila. Mwambie fundi atumie stenlesi au shaba, na viungo asiviunganishe kwa lehemu ya risasi.

Petali usizipange juu ya kichanja cha mvuke. Hulowa zikashikana bonge moja, mvuke ukatoboa upenyo mmoja na kupita zake. Zielee majini: kilo 5 kwa lita 20, moto wa wastani. Ukipata lita 5, yakeneke tena maji hayo peke yake uchukue lita ya kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya harufu ya waridi huyeyuka majini.

Angalia pia maji ya kupoozea. Mafuta ya waridi huanza kuganda yakikaribia nyuzi 20, na Julai hapa maji ya mfereji ni barafu. Yataganda ndani ya koili, lile bomba la kupoozea mvuke, udhani hukupata kitu. Tone litoke vuguvugu, nyuzi 30 hivi.

Ila usitarajie chupa. Hata waridi la Bulgaria lenye kunukia huhitaji kilo 3,500 hadi 4,000 kutoa kilo moja ya mafuta. Waridi la kuuzwa limezalishwa lidumu kwenye chombo, na hupuliziwa dawa. Maji yake usipake mtu.

Fundi_Manukato
Asmini huendelea kutoa harufu saa nyingi baada ya kuchumwa, ukiichemsha umeiua. Tandaza mafuta ya mgando yasiyo na harufu kwenye kioo, unene wa milimita 4, uyachore mistari kwa uma. Laza maua yaliyokauka umande, bila vikonyo, funika. Baada ya saa 24 yaondoe yote, weka mapya, mara 20 hadi 30. Kisha tikisa mafuta hayo na ethanoli ya asilimia 95 kwa uzito sawa, siku kadhaa, ugandishe kwenye friza, uchuje yangali baridi, na uache ethanoli iruke yenyewe mbali na moto.

Kikuyu_Maua
Asante sana. Na heksani, kile kiyeyusho cha petroli? Nimeambiwa ni haraka zaidi.

Fundi_Manukato
Ni haraka kweli, na viwandani ndiyo njia ya kawaida ya asmini. Lakini huchemka kwa nyuzi 69, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la chumba cha pili. Nyumbani, hapana kabisa.

MamaRihani
Nyongeza kuhusu vioo: toa ua kingo zikianza tu kuwa kahawia. Likilala hapo hadi lilegee, maji yake huingia kwenye mafuta ya mgando, ukungu hufuata, na kioo chote ni cha kutupa.