Tupeane uzoefu: samani na mapambo ya kujitengenezea kwenye nyumba ya kupanga (weka vipimo)

Guni na Rula
Wadau, tukusanye hapa uzoefu wa samani na mapambo ya gharama ndogo kwa anayeishi ghorofa la kupanga. Ombi langu ni moja: taja vipimo, aina ya ubao, urefu wa skrubu na mahali kazi inapoharibikia. Picha peke yake haimsaidii anayetaka kutengeneza cha kwake.

Naanza na sharti linalobeba mengine. Ukuta si wa mpangaji, na ipo siku atahama. Kwa hiyo samani yake isimame yenyewe bila kutegemea matundu ya ukutani, na viungo vikubwa vifungwe kwa bolti. Gundi ibaki ndani ya vipande: fremu ya kichwa cha kitanda iunganishwe kwa gundi na skrubu, lakini fremu hiyo ikutane na mbavu za kitanda kwa bolti za milimita 8 zenye washa (vile visahani vya chuma vyenye tundu) pande zote mbili. Tundu lake liwe la mm 9 ili bolti ipite bila kugongwa nyundo. Kitu kilichogundishwa chote kikishindwa kutoka mlangoni kitakatwa kwa msumeno.

Kabla ya kununua ubao, pima upana wa mlango, kona ya ngazi na lifti kama ipo. Kinacholinganishwa na vipimo hivyo ni kile kipande kikubwa kuliko vyote, si samani iliyokwisha kuunganishwa.

Karatasi ya plaiwudi ya kawaida ni mm 1220 kwa 2440. Omba ikatwe palepale inapouzwa, lakini peleka mchoro wenye hesabu ya unene wa msumeno. Mashine hula kama mm 3 kila mkato. Ukitaka rafu nne kwenye upana wa mm 1220 na ukaandika mm 305 kila moja, ya mwisho itatoka pungufu. Andika mm 300: nne ni 1200, mikato mitatu ya katikati ni 9, inabaki mm 11 ya kusafishia ukingo.

Rafu Nyoofu
Mkuu, kwenye rafu kosa kubwa ni urefu. Plaiwudi ya mm 18 inayobeba vitabu isizidi sm 75 kati ya nguzo na nguzo. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) au ubao wa chenga za mbao ishie sm 60. Ukiongeza urefu mara mbili na vitabu vikajaa vilevile, kupinda kunaongezeka mara 16, si mara mbili. Na mita moja ya vitabu inaweza kufika kilo 30 na zaidi. MDF haitoi dalili siku ya kwanza. Inalegea polepole kwa miezi, na ikishalegea hairudi.

Dawa yake ni rahisi kuliko kununua ubao mnene. Gundisha kipande cha mm 18 kwa 40 kikisimama wima chini ya ukingo wa mbele, urefu wote wa rafu. Macho yataona rafu nene, na kupinda kutapungua sana.

Rafu ikiyumba kushoto na kulia, usiongeze skrubu kwenye kona. Tatizo ni kwamba mstatili hauna kitu cha kuuzuia usilale. Piga ubao mwembamba wa mm 4 mgongoni, misumari midogo kila sm 15, baada ya kupima mshazari wa kona kwa kona mara mbili. Vipimo viwili vikilingana, rafu iko kwenye pembe mraba. Visipolingana, sukuma kona yenye mshazari mrefu, pima tena, ndipo upige misumari.

Rafu ndefu kwenda juu ndiyo mahali pekee ambapo mimi husema omba ruhusa ya tundu. Kona moja ya chuma juu, skrubu mbili, na siku ya kuhama unaziba kwa puti na rangi. Penye watoto wadogo, rafu ndefu isiyofungwa isiwepo kabisa, hata ikiwa vitu vizito vimewekwa chini. Mtoto hupanda rafu kama ngazi, na uzito wake huivuta kutoka mbele. Ruhusa ikikosekana, tengeneza rafu mbili fupi za kimo cha sm 70 zikae pembeni kwa pembeni.

Paleti Salama
Kuhusu mbao za paleti (yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo), soma mhuri kwanza. Herufi HT maana yake ubao umepashwa joto hadi nyuzi 56 katikati ya mti kwa angalau dakika 30 kuua wadudu. Herufi MB ni dawa ya gesi ya methyl bromide. Hiyo usiingize chumbani. Isiyo na mhuri, yenye madoa ya mafuta au harufu ya kemikali, iache pia hata kama ni ya bure, kwa sababu huwezi kujua ilibeba nini.

Kung'oa ubao kwa mtaimbo huvunja karibu kila mwisho wa ubao, maana misumari yake mingi ina mifereji inayoshika mti. Njia inayookoa mbao ni kupitisha msumeno wa chuma kati ya ubao na gogo na kuukata msumari wenyewe. Vichwa vinabaki ndani ya ubao na havina shida, mradi usipitishe randa juu yake.

Baada ya hapo zisimamishe ndani zikiwa na nafasi kati yake, wiki mbili hadi nne kutegemea zilivyolowa. Mbao iliyokaa nje ikiunganishwa mbichi, mianya itafunguka kila kiungo ikikauka.

Godoro Kavu
Nyongeza kwa ndugu hapo juu. Wengi huweka paleti sakafuni na godoro juu wakiita kitanda. Mwili hutoa unyevu usiku kucha, godoro linaupitisha, na chini ya paleti hewa ni kidogo. Matokeo yake ni ukungu upande wa chini wa godoro, hasa chumba cha chini au ukuta unaotoa unyevu. Inua paleti angalau sm 10 kwa vipande vya mbao, na nafasi kati ya chaga iwe sm 6 hadi 7. Zikiachana zaidi ya hapo, godoro la sponji huzama kwenye mianya na kukatika mapema. Kitanda cha upana wa sm 120 kwenda juu kinahitaji ubao wa katikati wenye mguu wake unaogusa sakafu. Bila huo chaga zitapinda katikati hata zikiwa imara.

Mpangaji Mpya
Naomba kuuliza. MDF inapasuka ukingoni kila skrubu inapoingia. Nakosea nini?

Rafu Nyoofu
Ukingo wa MDF ni tabaka zilizoshindiliwa, skrubu ikiingia bila tundu inazitenganisha. Kwa skrubu yenye unene wa mm 4 toboa tundu la mm 3, kina kizidi urefu wa skrubu kidogo, na usikaribie mwisho wa ubao chini ya sm 5. Kwa ubao wa mm 18 tumia skrubu yenye urefu wa mm 50, ile yenye shina lililonyooka. Kichwa kikishalingana na uso, acha. Ukiendelea kuzungusha unasaga uzi wa ndani na skrubu haitashika tena. Tundu likishalegea, jaza gundi nyeupe na vijiti vya meno, acha siku nzima, kisha toboa upya.

Kanuni ya urefu kwa mbao nyingine: theluthi mbili ya skrubu iwe ndani ya kipande cha pili. Na gundi nyeupe haishiki juu ya rangi. Kwangua hadi mti wenyewe uonekane, paka safu nyembamba, bana kwa klampu angalau nusu saa, usiweke mzigo kabla ya saa 24. Inayochuruzika ifute mara moja kwa kitambaa chenye maji kidogo. Ikikauka juu ya ubao usiopakwa, vanishi haitaingia pale na doa litaonekana daima.

Sindano na Sponji
Benchi la ukumbini lenye mto ni kazi nzuri ya kuanzia. Ubao wa juu mm 18, sm 120 kwa 40. Miguu minne ya mm 45 kwa 45. Na chini ya ubao, mbao za kuunganisha miguu pande zote nne zenye kimo cha sm 7. Hizo mbao za pembeni ndizo zinazozuia kuyumba, si unene wa miguu. Ubao ukae sm 37 kutoka sakafuni, sponji ya sm 8 itakaa juu yake, na mtu akikaa sponji ikabonyea atakuwa kwenye sm 42 hivi, kimo cha kiti cha kawaida.

Sponji chagua kwa uzito wa ujazo, si kwa unene. Ya kukalia iwe kilo 28 hadi 35 kwa mita ya ujazo. Nyepesi inakuwa laini dukani lakini inalala haraka, ukaanza kukalia ubao. Ikate kwa kisu kirefu chenye meno, kwa mwendo mrefu bila kukandamiza.

Kitambaa: kila upande ongeza unene wa sponji, unene wa ubao na sm 5 za kukunja. Kwa benchi hili ni karibu sm 15 kila upande, hivyo kata sm 150 kwa 70. Pini za stepla za mm 8 au 10. Anza katikati ya upande mmoja, kisha katikati ya upande wa pili ukivuta, halafu pande fupi, na kutoka hapo sogea kuelekea kona. Ukianzia kona, mkunjo utajikusanya katikati na hakuna namna ya kuutoa ila kung'oa zote.

Pazia Refu
Mapambo ya ukutani bila tundu: vibandiko vya kuvutika hufanya kazi kwenye rangi laini iliyokauka vizuri. Paka kiganja ukutani. Kikitoka unga, usitumie, maana utaondoka na rangi. Safisha kwa spiriti, si sabuni yenye mafuta. Bonyeza sekunde 30, ngoja saa nzima ndipo utundike. Rangi mpya ingoje angalau siku 7. Kutoa, vuta ulimi kuelekea chini polepole sambamba na ukuta. Ukiuvuta kuelekea kwako ndipo plasta inapong'oka.

Kwa kugawa chumba napendelea skrini ya kukunja kuliko pazia la kutundika. Fremu tatu za sm 50 kwa 170, mbao za mm 20 kwa 40, kitambaa kimepigwa stepla nyuma, bawaba mbili kila kiungo. Bawaba za kiungo cha kwanza zikae mbele, za kiungo cha pili nyuma, ili ikunjike mbele na nyuma. Ikifunguliwa ikanyooka kabisa itaanguka, hivyo acha pembe inayoonekana.

Kwa wanaotengeneza mapambo ya mafundo ya kamba: kila uzi ukate mara nane ya urefu wa pambo lililokwisha, kwa kuwa unakunjwa mara mbili kwenye fimbo. Pambo la sm 60 linataka nyuzi za sm 480. Mafundo yakishonana sana ongeza kidogo, kwa sababu uzi mfupi haurekebishiki katikati.

Kivuli cha taa cha karatasi au kitambaa kiwekwe balbu ya LED tu, na karatasi isiguse balbu. Balbu ya zamani ya waya huunguza.

Msasa 120
Kumalizia ndani ya ghorofa: msasa 80, kisha 120, kisha 180, kufuata uzi wa mbao. Ukikata kinyume, mikwaruzo hujitokeza vanishi ikishapakwa. Tumia vanishi ya maji, madirisha wazi, tabaka mbili au tatu nyembamba. Tabaka la kwanza huinua nyuzi za mbao, kwa hiyo lipitishie msasa 220 kwa mkono mwepesi likikauka.

Anayetumia mafuta ya kitani asikunje vitambaa alivyofutia wala kuvitupa kwenye ndoo. Mafuta hayo hukauka kwa kutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulihifadhi mpaka kinawaka chenyewe. Vitandaze kimoja kimoja nje au vilowekwe ndani ya maji. Kwenye jengo lenye familia nyingi hili si jambo la kupuuza.

Kelele pia: kata na toboa mchana, weka blanketi lililokunjwa au mkeka wa mpira chini ya kazi. Sakafu ya zege hupeleka mlio wa nyundo hadi nyumba za chini, kwa hiyo penye skrubu usitumie msumari.

Mpangaji Mpya
Asanteni sana. Je, nguzo ya kubana kati ya sakafu na dari, ya kushikia virafu vya maua, inawezekana?

Guni na Rula
Inawezekana kama dari ni zege. Jipsamu hapana, itatoboka. Pima kimo mahali hasa nguzo itakaposimama, kwani dari hutofautiana hata ndani ya chumba kimoja. Kata ubao wa mm 45 kwa 70 pungufu ya kimo kwa sm 4. Toboa tundu juu, gongelea nati ya meno ya bolti ya mm 10, ingiza bolti yenye kichwa juu na nati ya pili ya kufungia. Kichwa kikae chini ya kipande cha plaiwudi chenye mpira upande wa dari, na chini ya nguzo weka mpira pia. Toa bolti kwa spana mpaka nguzo iwe imara, ongeza robo mzunguko, kaza nati ya pili. Usizidishe. Virafu visizidi kina cha sm 20 na chungu kizito kikae cha chini. Baada ya wiki moja ishike nguzo uitikise. Mbao husinyaa ikiendelea kukauka, na bolti itahitaji kukazwa tena.