ZZ ya ofisini inalegea chini na kugeuka manjano: AC au maji?

kibaraza_kusini

Wakuu, naomba msaada wa ZZ (ule mmea wa mapambo wa ndani) iliyoko ofisini Dar, chumba chenye AC ya nyuzi 22 kutwa nzima. Ina matawi saba marefu, kama sentimita 60. Mawili yameanza kuwa manjano kuanzia majani ya chini. La tatu limelala kabisa. Ukilibonyeza pale linapotokea udongoni ni laini kama ndizi iliyopitiliza kuiva. Mmea uko kwenye kopo jeusi la bustanini, na kopo limetumbukizwa ndani ya chungu cha kauri kisicho na tundu. Unamwagiliwa Jumatatu na Alhamisi, glasi kubwa moja moja. Udongo ni mweusi, mzito, juu umeota ukijani. Dirisha liko mita tatu.

Maswali: AC ndiyo inaiua au maji? Inaokoleka? Na vijani vilivyodondoka, ni kweli vinaotesha mmea mpya au ni maneno ya mtandaoni tu?

fundi_mboji

Maji, mkuu. Kosa la AC ni kuchelewesha udongo kukauka, kwa hiyo glasi mbili kwa wiki ambazo barazani pengine zingevumilika, humo ndani zimekuwa bwawa. Nyanyua hilo kopo uchungulie chungu cha kauri. Sitashangaa ukikuta maji yamesimama.

Kabla ya kushika kisu, jua unachokishika. Hayo tunayoita matawi, kila moja ni jani zima, na vijani vya pembeni ni vipande vyake. Shina lenyewe limelala chini ya udongo, nene, mviringo, mfano wa gimbi. Na kweli ni ukoo wa magimbi. Hata jina la kitaalamu, Zamioculcas, limebeba ndani yake neno la Kiarabu la gimbi, qulqas. Huu ni mmea wa kwetu, unaota wenyewe kuanzia Kenya na Tanzania, Zanzibar ikiwemo, kushuka hadi KwaZulu-Natal. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi kibiashara miaka ya 1990, ndipo ukaturudia maofisini kwa bei ya mgeni. Kwao umezoea kunywa masika na kukaa na akiba kiangazi. Jani lake ni maji kwa kiasi cha asilimia 91, kikonyo asilimia 95. Kiumbe kilichojaa namna hiyo hakina haja na Alhamisi yako.

Fanya hivi leo, usingoje wikiendi:

Vaa glavu. Utomvu wake una fuwele za kalsiamu oksaleti, zilezile zinazofanya gimbi bichi liwashe. Hauleti saratani kama watu wanavyosambaza, ila ukijigusa jicho utajuta.

Laza kopo ubavu, libonyeze-bonyeze pande zote mpaka udongo uachie, kisha toa mmea mzima. Usiuvute kwa matawi. Yaliyooza yatabaki mkononi. Pukuta udongo wote, suuza mizizi kwa maji ya bomba ili uone vizuri. Kiazi, yaani lile shina la udongoni, kikiwa kizima ni kigumu kama kiazi mbatata kibichi, rangi ya hudhurungi isiyokolea. Kilichooza kinabonyea, ganda linateleza, na kinanuka kama maji ya muhogo uliolowekwa. Mizizi mizima ni minene na myeupe-myeupe; iliyokufa ni kahawia, ukiivuta ganda linavuka na kubaki uzi katikati.

Kata kwa kisu kikali kilichofutwa spiriti. Ukikata kiazi, angalia ule mkato: ukiona alama ya kahawia ndani, hata ndogo kama kichwa cha kiberiti, kata tena mbele yake mpaka upate nyama nyeupe tupu, na futa kisu kila unapokata. Hapo ndipo wengi huharibu. Wanaona huruma, wanaacha kidoa, na baada ya wiki mbili uozo umerudi.

Kisha anika kivulini penye upepo siku mbili hadi tatu, juu ya gazeti, mpaka mikato ifanye ngozi kavu. Watu hupaka mdalasini au mkaa wa kusaga. Sikatazi, lakini kinachoponya ni kule kukauka, na mdalasini ukiingia kwenye mizizi mizima huikausha bure.

shamba_dirishani

Fundi kamaliza upasuaji, mimi naongezea kitanda. Huo udongo mweusi wa bustani za barabarani ni mfinyanzi na samadi, unafaa kusafirishia mche usidondoke njiani. Usiurudishe.

Mchanganyiko unaofaa, kwa ujazo: makumbi ya nazi ya unga sehemu 2, mchanga wa mto wa punje kubwa sehemu 2, mboji iliyoiva sehemu 1, na vipande vya mkaa vya ukubwa wa punje ya mahindi sehemu 1. Mkipata pumisi (jiwe jepesi la volkano lenye vitundu), kama wenzetu wa upande wa Naivasha, iwekeni badala ya mchanga. Ni nyepesi na haishikani.

Tahadhari mbili kwa watu wa pwani. Makumbi mengi yamelowekwa au kuanikwa karibu na bahari, yana chumvi. Yaloweke ndooni usiku kucha, mwaga maji, rudia mara tatu. Na mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa. Hata wa ujenzi upepete kwa chujio la chai: vumbi linalopita litupe, zinazobaki juu ndizo unazozitaka. Lile vumbi ndilo linaloziba nafasi za hewa.

Kipimo cha kuujua mchanganyiko: lowesha, finyanga konzi moja, fungua kiganja. Ukibaki donge, ongeza mchanga. Ukimomonyoka wenyewe, panda.

Ukubwa wa kopo uamuliwe na viazi vitakavyobaki baada ya kukata, urefu wa matawi usikudanganye. Acha nafasi ya vidole viwili tu kati ya kiazi na ukuta wa kopo. Kopo kubwa lenye mizizi michache ni udongo usio na mnywaji. Kiazi kifunikwe sentimita 1 hadi 2, mgongo ukionekana kidogo si neno.

mpita_bustani

Mmesahau kokoto. Tandika kokoto vidole vitatu chini ya chungu cha kauri, panda humohumo, maji yanashuka chini na mizizi inabaki juu. Tundu la nini?

fundi_mboji

Ndugu yangu, hilo limeua ZZ nyingi. Chukua sifongo, lijaze maji, liweke juu ya kokoto. Maji hayashuki, yanakaa sehemu ya chini ya sifongo mpaka lizidiwe ndipo litone. Udongo ni vivyo hivyo. Kokoto zinapandisha lile eneo la tope likasogee karibu na viazi, na yale yatakayoshuka hayana pa kutokea. Tundu ndilo dawa, na kokoto hazichukui nafasi yake. Chungu cha kauri kibaki kuwa vazi, kopo lenye matundu likae ndani yake, na litolewe nje kila linapomwagiliwa.

mche_na_jani

Naingia kwenye swali la tatu, maana hapo ndipo pana utamu. Si maneno ya mtandaoni. Porini kiangazi kikikaza ZZ hudondosha vijani vyake, na kila kijani kilichodondoka huweza kujitengenezea kiazi chake kikisubiri mvua. Wewe unaiga tu.

Chagua vijani vya kijani kibichi, vigumu, hata vilivyodondoka jana. Vya manjano tupa. Acha vikauke siku moja. Jaza kopo la mtindi lililotobolewa chini kwa mchanga ule uliopepetwa na makumbi, nusu kwa nusu, unyevu kama nguo iliyokamuliwa. Chomeka upande uliokuwa umeshikana na kikonyo, ndani sentimita 1 hadi 1.5, kumi kwa kopo moja. Ukigeuza juu chini hakioti, na watu hugeuza, kwa sababu kijani kikinyauka ncha zote mbili hufanana. Weka alama ya kalamu kabla. Funika kwa mfuko unaopitisha mwanga, fungua dakika chache kila siku tatu, weka mahali pa joto, si kwenye hiyo AC. Kwa nyuzi 27 hadi 30 utaanza kuona kivimbe chini ya jani baada ya wiki nne mpaka nane.

Baada ya hapo kuna kimya kirefu. Kiazi kinanenepa, juu hakuna kitu miezi mitatu, sita, wakati mwingine zaidi. Kijani kinaweza kukauka na kufa kabisa, mtu akamwaga kopo jalalani kumbe kiazi cha ukubwa wa choroko kiko mzima chini. Fukua kwa kijiti kabla hujatupa.

Mwenye haraka agawanye viazi. Kila kipande kiwe na kiazi, mizizi na angalau tawi moja, na siku hiyohiyo ana mmea kamili. Na wenye zile zenye madoa ya njano wasitegemee vijani. Mara nyingi mche unaotoka ni wa kijani mtupu. Huo wa madoa ugawanywe.

kibaraza_kusini

Nimeutoa. Chungu cha kauri kilikuwa na maji vidole viwili, mmenikamata. Viazi vilikuwa vinne: kimoja rojo, kimoja kimeoza ubavuni nikakikata mpaka nyama nyeupe, viwili vigumu. Yamebaki matawi manne. Lile lililolala, sehemu ya juu bado ngumu na ya kijani. Nimwagilie lini? Mbolea niweke? Na ofisini anayemwagilia ni mtu zaidi ya mmoja.

fundi_mboji

Umeokoa. Lile tawi likate juu ya sehemu laini, sentimita kama 5 ndani ya sehemu ngumu. Vijani vyake vipe utaratibu wa mche_na_jani, na kikonyo kitupu nacho kichomeke, huota pia.

Ukishapanda, usimwagilie siku saba. Mizizi iliyochubuka ikikutana na tope inaanza kuoza upya. Siku ya nane, toa kopo kwenye kauri, mwagilia polepole mpaka maji yatoke chini (kopo la sentimita 20 hunywa kama lita moja hivi), acha lichuruzike nusu saa, rudisha. Kisha kaa nayo mbali.

Mara ya pili usiulize kalenda. Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke pembeni ya kopo mpaka chini, dakika kumi, toa. Kikitoka na punje zimeganda au kina ubaridi, bado. Kikitoka kikavu kama ulivyokiingiza, mwagilia. Kwa chumba chako nakisia wiki tatu mpaka tano. Ukichelewa, vikonyo vitafanya mikunjo myembamba, na ukimwagilia vinajaa tena baada ya siku chache. Kiu ya ZZ inarekebishika. Kuoza, umeona mwenyewe kazi yake.

Mbolea hapana, mpaka uone chipukizi jipya limefunguka. Hapo NPK 20-20-20 ya maji, gramu 1 kwa lita 1, mara moja kila miezi miwili, na udongo uwe umeloweshwa kabla.

shamba_dirishani

Kuhusu mwanga: mita tatu itaishi, haitakua. Sogeza mpaka mita moja au moja na nusu, jua la moja kwa moja lisiipige. Jaribu kwa kivuli cha mkono saa sita mchana: kikionekana kwa ukungu-ukungu lakini unakijua ni mkono, panatosha. Matawi yakirefuka na vijani vikaachana mbalimbali, inatafuta mwanga. Vumbi lifute kwa kitambaa chenye maji matupu. Yale mafuta ya nazi ya kung'arishia majani yanaziba vitundu vya kupumulia na kukusanya vumbi maradufu. Wakati wa kufuta kagua maungio ya vijani. Ukikuta vipamba vyeupe ni vidung'ata, vitoe kwa pamba yenye spiriti, rudia kila wiki mara tatu.

Na kwa wamwagiliaji wengi: ubao wa karatasi kwenye kopo, tarehe ya mwisho kwa kalamu ya wino usiofutika, na chini yake "ULIZA KWANZA". Mtu wa usafi usimlaumu, anaona mmea na chupa ya maji anayo mkononi.