Kutoa kopi ya shairi moja la kufundishia ni wizi? Nionesheni kifungu!

Wakuu, leo nimefura, mtanisamehe lugha ikiwa kali.

Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne kwenye shule moja binafsi. Wiki hii uongozi umetugawia fomu ya kusaini: mwalimu atakayetoa kopi ya ukurasa wowote wa kitabu chochote amefanya "wizi wa hakimiliki", na mchapishaji akidai fidia, inakatwa kwenye mshahara wa mwalimu. Wowote. Chochote. Chanzo ni wakala wa mchapishaji mmoja aliyekuja kuuza diwani, akaona wanafunzi wameshika karatasi zenye shairi moja, akaenda kulalamika ofisini.

Darasa lina wanafunzi 60, maktaba ina nakala 4 za hiyo diwani. Shairi halifundishwi kwa kusimuliwa. Mwanafunzi lazima alione, ahesabu mizani, apigie mstari vina vya kati na vya mwisho, aandike pembeni. Nijaze ubao beti zote mpaka kengele ilie? Na nikiandika ubaoni si nimenakili pia? Kwa fomu ile hata chaki ikamatwe.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyefungua sheria. Ipo: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Sura ya 218. Kifungu cha 12 kinaorodhesha matumizi ambayo hayahitaji ruhusa ya mtunzi wala malipo, na mojawapo ni kutumia kazi iliyochapishwa kihalali kama kielelezo katika maandishi ya kufundishia, kwa kiasi ambacho lengo linahitaji, mradi utumie kwa uungwana na utaje chanzo na jina la mtunzi. Na mimi jina la mtunzi huliweka juu kabisa, maana ni swali la kwanza la mtihani! Hata Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania imo tangu 1994, unaziachia nchi nafasi hiyo kwa ajili ya kufundisha.

Mwenzangu mmoja alisimama kikaoni akajitetea kwa sheria ya Marekani ya 1976, ile ambayo kifungu chake cha 107 kinataja waziwazi nakala nyingi za kutumia darasani. Wakamcheka, na kwa hilo walikuwa na haki, maana ile ni ya Wamarekani. Jirani zetu wa Kenya sheria yao ya 2001 imebana zaidi: ukitengeneza mkusanyo wa maandishi kwa ajili ya shule, mwisho ni vipande vifupi viwili kutoka kazi moja, na umtaje mtunzi. Ila hata huko kubana, mstari umechorwa na mtu anajua asimame wapi. Sisi tunapewa fomu isiyo na kifungu hata kimoja.

Tena fomu haibagui. Shaaban Robert alifariki 1962. Sheria yetu ya 1999 ilimpa mtunzi ulinzi wa maisha yake na miaka 50 baada ya kufa. Pigeni hesabu wenyewe. Kwa fomu ile, nikinakili shairi alilochapisha enzi za mkoloni nakatwa mshahara. Fidia atalipwa nani?

Kule India wachapishaji wakubwa, Oxford na Cambridge wakiwemo, walilishtaki duka la fotokopi la Chuo Kikuu cha Delhi mwaka 2012 kwa kuwatolea wanafunzi makabrasha ya kozi. Mahakama Kuu ikaitupa kesi 2016, na mwaka uliofuata wakaacha kuifukuzia. Sheria yao si yetu, najua. Lakini huyu wetu kapiga kelele kwa karatasi moja.

Msinielewe vibaya. Anayepeleka kitabu kizima steshenari, anakitoa kopi jalada hadi jalada, anakibana waya na kuwauzia wanafunzi, huyo ni mwizi, simtetei. Waandishi wetu wanalipwa kidogo mno kuweza kuvumilia hilo.

Ila sasa sikieni kituko. Uongozi huuhuu ulikusanya notisi zetu, ukachapa kijitabu cha likizo chenye nembo ya shule na kuwauzia wazazi. Jina la mwalimu hata mmoja halimo. Mtaniambia tulikuwa kazini, kwa hiyo ni mali ya mwajiri. Haya, tubishane hilo. Je, haki ya mtunzi kutajwa jina, ambayo imo kwenye sheria hiyohiyo wanayotutishia, nayo imekatwa kwenye mshahara?

Wanasheria mliomo humu, nina swali moja la dhati, kwa sababu najua wakala atalirukia: shairi zima, hata kama ni kurasa mbili tu za diwani, ni kazi kamili. Linaingia kwenye "kiasi ambacho lengo linahitaji" au ninabanwa hapo? Fomu inatakiwa Ijumaa. Sijasaini, na walimu wa Kiingereza nao wamegoma.